Kabla ya Kushuka Mto Nahanni kwa Mtumbwi: Mambo ya Kuzingatia

Mto South Nahanni uko Northwest Territories, kaskazini-magharibi mwa Kanada, juu kidogo ya nyuzi 61 za latitudo. Unapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nahanni, iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1978. Ni nchi ya Wadene wa Dehcho, wenyeji wa asili wa huko, ambao wao huiita Nahʔą Dehé. Hakuna barabara inayoingia huko. Unashushwa na ndege ya kutua majini, kisha unatoka kwa kupiga kafi. Wanaoanzia kwenye maporomoko ya Virginia, yenye kimo cha mita 96, hufika Nahanni Butte, mahali mto unapoungana na Mto Liard, kwa siku 7 hadi 10. Wanaoanzia juu zaidi, Rabbitkettle, huhitaji kama wiki mbili. Wanaoanza Moose Ponds, karibu na chanzo chenyewe, hukaa wiki tatu.

Kampuni inayokuongoza italeta mitumbwi, makafi, chakula, vyombo vya jikoni na simu ya setilaiti. Kiongozi atausoma mto na kukuambia upite wapi. Mwili wako, nguo zako na dawa zako vinabaki juu yako, na hapo ndipo safari nyingi huharibika. Mtu anafika na jinzi mbili, begi la magurudumu na matumaini kwamba kiongozi ana vya ziada. Hana. Kila kilo kwenye ndege ile imehesabiwa.

Anza maandalizi yako kwenye maji, kwa sababu mengine yote yanatokana nayo. Maji ya Nahanni ni theluji na barafu ya milimani iliyoyeyuka. Hata katikati ya Julai, jua likiwaka na watu wamebaki na fulana ufukweni, mto wenyewe ni baridi ya kukukata pumzi. Aliyezoea bahari ya Tanga au Lamu, ambako maji hayashuki sana chini ya nyuzi 25, mwili wake haujawahi kukutana na jambo hili. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, aliyechunguza kwa miaka mingi yanayoupata mwili kwenye baridi, ameliweka katika hesabu fupi ambayo waongozaji huifundisha: 1-10-1. Dakika 1 ya kwanza unatweta bila kujizuia, na kazi yako ni moja tu, kuweka mdomo juu ya maji hadi pumzi itulie. Dakika 10 zinazofuata mikono na miguu bado inakutii, basi zitumie kujiokoa. Baada ya hapo una kama saa 1 kabla joto la mwili halijashuka kiasi cha kupoteza fahamu.

Itazame hesabu hiyo vizuri. Wengi hudhani baridi huua polepole. Anayezama kwenye maji baridi mara nyingi huzama mapema: katika dakika ya kwanza kwa kuvuta maji badala ya hewa, au katika zile kumi kwa sababu vidole vimekufa ganzi na haviwezi kushika kamba aliyorushiwa. Ile saa moja ni ya mtu anayeelea. Kwa hiyo jaketi okozi huvaliwa na kufungwa kabla hujakanyaga mtumbwi, na halifunguliwi hadi umesimama nchi kavu. Lipime hivi: funga mikanda yote, kisha mwambie mwenzako alivute juu kwa kulishika mabegani. Likikupanda hadi masikioni, limelegea au ni kubwa, na majini litakuacha.

Kama hujui kuogelea, sema siku ya kulipia, usingoje siku ya kupanda ndege. Baadhi ya kampuni hukubali asiyejua kuogelea mradi awe ametulia majini akiwa na jaketi. Nyingine hukataa kabisa. Una miezi kadhaa mbele yako. Masomo ya bwawani mara mbili kwa wiki yanatosha kukufanya uelee chali na usogee bila hofu, na hicho ndicho kinachotakiwa hapa kuliko mbio za kuogelea.

Nguo unazigawa mafungu mawili, na mafungu hayo hayachanganyiki hadi safari iishe. La kwanza ni la mtoni: suti ya neoprini (mpira laini unaotunza joto) ya milimita 3 au suti kavu ya kuzuia maji kabisa, fulana ya mikono mirefu ya sufu au polyesta, sweta jepesi la flisi, koti la mvua, viatu vya neoprini na jozi mbili za soksi za sufu. La pili ni la kambini: chupi ndefu na fulana ya sufu za kulalia, suruali ya nailoni, sweta zito au jaketi la kujazwa, jozi tatu za soksi, kofia ya sufu, glavu na viatu vikavu. Jioni unavua la mtoni na kuvaa la kambini. Asubuhi unarudia la mtoni hata kama bado ni bichi na linakusisimua mwili. Hapa ndipo wengi hushindwa: asubuhi ya tatu wanaona tabu kuvaa nguo mbichi, wanavaa kavu, mvua inawanyeshea, na usiku ule hawana tena kitu kikavu hata kimoja.

Pamba iache nyumbani. Nyuzi zake hunywa maji, hulala zikishikamana na ngozi, kisha maji yale yakikauka yanaondoka na joto lako. Sufu ikilowa bado inakupa joto kiasi. Khanga moja inaruhusika, kwa kuwa inafaa sana kubadilishia nguo ufukweni na kujifunika hemani. Ila ijue kuwa ni pamba, na isitoke kwenye mfuko wa kambini.

Ukikodi suti kavu, yajue mambo mawili. Shingoni na mikononi ina mpira mwembamba unaobana. Vua hereni, pete na shanga za nywele kabla ya kuipitisha, maana mpira ule ukichanika suti hujaa maji. Na ukishafunga zipu, chuchumaa, jikunje, halafu vuta mpira wa shingoni kwa kidole kimoja hadi hewa itoke. Usipofanya hivyo, ukianguka hewa itakimbilia miguuni na kukuinua miguu juu.

Nywele nazo zina hesabu yake, na ni jambo ambalo orodha za kampuni karibu zote hazilitaji. Misuko mirefu hunywa maji na kukaa nayo saa nyingi, na maji yale yanakupoza shingo na mgongo. Suka vifupi vya kulala kichwani, au uvae kofia ya neoprini chini ya helmeti siku za maji ya kasi. Beba taulo jembamba la nyuzi za plastiki kwa ajili ya nywele peke yake. Ngozi hupasuka kwa upepo na maji baridi, kwa hiyo mafuta ni lazima, lakini chagua yasiyo na harufu. Mafuta ya nazi dubu huyanusa kama anavyonusa chakula. Miguu ikilowa kutwa nzima kwa siku kadhaa huvimba na kuwa myeupe kama iliyochemshwa. Kila jioni ioshe, ikaushe hadi katikati ya vidole, ipake mafuta mazito, kisha iweke kwenye soksi kavu hadi kulala.

Vitu vyako vyote vinaingia kwenye mfuko mmoja mkubwa usiopitisha maji, wa lita 90 hadi 115, na mmoja mdogo wa lita 10 hadi 20 wa kukaa karibu na mkono. Mfuko huo hufungwa kwa kukunjwa: toa hewa kwa kuukandamiza kwa goti, linganisha midomo miwili isiwe na kipindo, kunja si chini ya mara tatu, ndipo ubane kifungo. Mkunjo mmoja unapitisha maji, na kipindo kwenye mdomo ni sawa na tundu. Ujaribu nyumbani. Weka ndani karatasi ya chooni, ufunge, uuzamishe kwenye beseni kubwa na kuukalia dakika 10. Karatasi ikitoka na doa la unyevu, rudia kukunja. Ikilowa tena, mfuko una tundu. Mfuko wa kulalia, unaostahimili nyuzi 0 au chini yake kidogo, na nguo za kulalia viwe na mfuko wao mwingine ndani ya ule mkubwa. Hivyo viwili vikibaki vikavu, kosa lolote la mchana linarekebishika usiku.

Vipo vitu vichache vya kukaa mwilini, si mtumbwini: filimbi, kiberiti cha gesi ndani ya kifuko kilichofungwa, blanketi la dharura la karatasi ya fedha, kitu kitamu cha kula na dawa unayoihitaji kila siku. Mtumbwi ukipinduka na kwenda zake, wewe utakuwa upande mmoja wa mto, mifuko yako ikielea kilomita mbili mbele.

Sasa kafi. Siku ya kawaida ina saa 5 au 6 za kuvuta maji, na wawili mnagawana mtumbwi wa futi 17: wa omo, yaani mbele, anatoa nguvu na kutangaza mawe, wa tezi, nyuma, anaelekeza. Kabla ya safari, tafuta ziwa au mto mpole na mkufunzi kwa siku mbili au tatu. Ujifunze kuvuta mbele, kuvuta maji yaje ubavuni, kuyasukuma yatoke ubavuni, kurudisha nyuma, na kuegemea kafi lililolazwa juu ya maji mtumbwi unapoyumba. Zaidi ya yote jifunze kuvuka mto kwa kurudisha nyuma: mtumbwi unaelekezwa mshazari, mnapiga kafi kinyume, na mkondo wenyewe unawasukuma kwenda ng'ambo bila kuwashusha. Kwenye Nahanni ndivyo mnavyokwepa jiwe mlilochelewa kuliona. Mgeni hupiga kafi mbele kwa nguvu akitaka kulikimbia, na nguvu ile ile inampeleka juu yake.

Fanyeni na zoezi la kupinduka, mkiwa na nguo kamili na turubai la kufunika mtumbwi likiwa limefungwa kiunoni. Mkono uijue kamba ya kulifungua bila macho. Ukiwa majini kwenye mkondo, lala chali, miguu ielekee mbele na vidole vionekane juu ya maji, na ukae upande wa juu wa mtumbwi, kamwe usiwe kati yake na jiwe. Mtumbwi uliojaa maji una uzito wa nusu tani na zaidi. Usijaribu kusimama kwenye maji ya kasi yanayopita magoti. Mguu ukinasa kati ya mawe, mkondo unakulaza kifudifudi na huinuki.

Makorongo huhesabiwa kutoka chini ya mto kwenda juu, kwa hiyo la Nne unalipita kwanza. Mawimbi makubwa yako Korongo la Nne, mara tu chini ya maporomoko ya Virginia, kisha Figure Eight na Lafferty's Riffle. Hapo watu huwa macho. Hatari isiyotazamiwa iko mwishoni, baada ya Korongo la Kwanza, mto unapotoka milimani na kugawanyika mikondo mingi mahali panapoitwa Splits. Kingo zinaliwa na maji, na miti huangukia mtoni ikilala juu ya mkondo. Maji hupita kati ya matawi, mtu hapiti. Ukiona huwezi kuukwepa mti, geuka, ogelea kuuelekea kwa kichwa, na ujirushe juu ya gogo kwa tumbo. Kuufikia kwa miguu ni kuvutwa chini yake.

Pale Virginia hakuna anayepita kwa mtumbwi. Kila kitu hubebwa mgongoni kwa njia ya zaidi ya kilomita moja, kwa kwenda na kurudi mara kadhaa. Pipa la chakula la lita 60 likijaa hufika kilo 30. Anza mazoezi wiki 8 hadi 10 kabla: tembea mara tatu kwa wiki na begi la kilo 10, ongeza hadi 20, na utafute njia zenye mteremko, kwani kushuka na mzigo ndiko kunakoumiza magoti. Mwenye bega bovu aonane na daktari sasa.

Wadudu wapo, na hakuna maneno yanayotosha kuwaeleza. Mbu ni wengi Juni na Julai, usubi mchana, na nzi wakubwa wanaokata ngozi jua likiwa kali. Usubi wa huko haukupi upofu wa mtoni, wala mbu hawana malaria. Kinachokuchosha ni wingi wao na jinsi usubi unavyotambaa hadi kwenye nywele na ndani ya mikono ya shati kabla ya kuuma. Beba chandarua cha kichwa (kupitia kile cheusi unaona vizuri zaidi), shati la rangi hafifu lililofumwa kwa kubana, na chomeka suruali ndani ya soksi. Kanada huuza dawa ya kufukuza wadudu ya DEET isiyozidi asilimia 30 kwa watu wazima. Inafanya kazi, lakini huyeyusha plastiki: miwani, kamba ya saa, hata koti la mvua. Ikaridini, dawa nyingine ya kufukuza wadudu, ya asilimia 20 haina tatizo hilo. Anayetaka wadudu wachache achague nusu ya pili ya Agosti, akijua kuwa usiku unaweza kuganda.

Dubu weusi na dubu wa kahawia wote wapo bondeni. Dawa ya kunyunyizia dubu hairuhusiwi kwenye ndege za abiria, si mkononi wala kwenye mzigo, kwa hiyo inunuliwe au ikodishwe ukishafika. Ndege ya kutua majini huibeba mahali pake maalumu. Soma tarehe ya mwisho kwenye kopo. Kaa nalo kiunoni, hata ukienda haja. Hufika mita chache tu na huisha kwa sekunde chache, kwa hiyo hupulizwa dubu akiwa karibu, ukilenga chini kidogo ya kichwa chake, na upepo ukumbuke uko wapi. Hemani kusiwe na kitu chenye harufu: pipi, dawa ya meno, lipstiki, ubani. Vyote hulala kwenye mapipa, mbali na mahema.

Kuhusu chakula, asubuhi nyingi za safari za mitumbwi Kanada kuna nyama ya nguruwe ya kukaanga, na mayai hufuata kwenye kikaango kile kile. Kula halali kunawezekana kabisa ukisema mapema, wiki 6 au zaidi, kabla mapipa hayajafungwa. Uliza waziwazi kuhusu kikaango na mafuta, usiulize nyama peke yake. Kwa wanaoswali, katikati ya kiangazi giza halikamiliki, na alama ya kuingia kwa Isha kwa kawaida yake haionekani. Kubaliana na sheikh wako kabla ya kuondoka utafuata rai ipi, uandike saa kwenye karatasi. Kibla kwa njia fupi ya dunia kiko karibu na kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo. Wengine wote wabebe kitambaa cha kufunika macho, la sivyo hawatalala.

Maji ya kunywa ni ya mto, na hugeuka tope baada ya mvua milimani. Chujio la mkono huziba kwa dakika chache. Yaache yatuame usiku kucha kwenye ndoo, chota ya juu, chemsha yatokote dakika 1. Yanayoonekana safi nayo yachemshwe au yachujwe, kwani vijidudu vya giardia, vinavyoleta kuhara, havionekani.

Afya inataka ukweli. Fomu ya kampuni ijaze yote: pumu, kisukari, shinikizo, mzio, upasuaji wa karibuni. Dawa beba mara mbili ya siku zako, ugawe mifuko miwili, mmoja upande mtumbwi wa mwenzako. Na kama umetoka Afrika Mashariki katika wiki au miezi michache iliyopita, mwambie kiongozi na daktari wako. Malaria inaweza kujitokeza wiki kadhaa baada ya kuumwa na mbu, na homa ile ikikupata korongoni, kila mtu pale atadhani ni mafua. Hawana kipimo wala dawa. Daktari anaweza kukuandikia dozi ya kubeba, na kiongozi akijua, ataita helikopta siku ya kwanza badala ya ya nne.

Bima isomwe neno kwa neno: itaje kuokolewa porini kwa helikopta na kusafirishwa hadi hospitali. Bima ya kawaida ya safari mara nyingi huacha hilo, na hata mkazi wa Kanada asitegemee kadi ya afya ya mkoa wake kulipa ndege ya wagonjwa nje ya mkoa. Msafiri wa pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza ya mgeni na alama za vidole, basi aanze miezi mingi kabla.

Rubani atapima mizigo na pengine watu. Kikomo cha mzigo binafsi mara nyingi ni karibu kilo 20; uliza kampuni yako, upime nyumbani ukiwa umeweka kila kitu. Usiache nafasi ya kurudi na mawe au pembe za wanyama, kwani ndani ya hifadhi haviokotwi.

Tiketi ya kurudi usiikate kwa siku ya kumaliza. Mawingu yakishuka bondeni ndege hairuki, na moshi wa moto wa misitu hufanya vivyo hivyo. Agosti 2023 mji mzima wa Yellowknife, ambao wengi hupitia, ulihamishwa kwa ajili ya moto. Acha siku 2 za akiba kila upande, na barakoa mbili za N95 kwenye mfuko mdogo.

Mwisho, mwachie mtu mmoja nyumbani karatasi yenye jina la kampuni, namba yake ya dharura, mahali pa kuanzia na kumalizia, na siku ya kutoka. Mwambie kuchelewa siku moja au mbili ni jambo la kawaida huko, na kwamba akiwa na wasiwasi aanze kwa kuipigia kampuni, kwa kuwa wao ndio wenye mawasiliano ya setilaiti na kundi lenu.